Malezi ya Watoto wa Shamba na Balaa la Mirungi, Bangi na Waragi

(Hotuba iliyotolewa na Sheikh mmoja wa Butambala, Uganda, mbele ya wanachama na wageni katika sherehe ya ukumbusho wa Chama)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, pamoja na aali zake na sahaba zake wote. Ama baad.



Kamati imeniomba niseme juu ya malezi ya watoto, na imeniomba niseme kwa Kiswahili kwa ajili ya ndugu zetu waliotujia kutoka Kenya, Tanzania na Burundi. Nimeikubali kazi hiyo kwa furaha. Walakini sitasema juu ya malezi kwa jumla, maana maneno ya jumla humpata kila mtu na hayamgusi yeyote. Nitasema juu ya jambo moja tunalolijua sote, nalo ni vitu vinavyopumbaza akili za watoto wetu huku mashambani. Navyo ni vitatu: mirungi, bangi na waragi. Na najua ya kuwa miongoni mwenu mnaonisikiliza wamo wanaopanda mirungi, na ada ya skuli ya watoto wao inatoka katika jani hilo. Nawaomba wasiondoke. Wao ndio niliowakusudia zaidi, wala sikuwakusudia kwa matusi.

Kwanza yafaa tuikumbuke nchi yetu. Baada ya vita vya dini vya Buganda, katika mapatano ya mwaka 1893, Waislamu walitengewa sehemu ndogo ya nchi, na Butambala ndiyo iliyobaki mikononi mwao. Wazee wetu walijenga misikiti kabla ya kujenga maduka. Walipanda mibuni na migomba, na kwa kahawa walisomesha watoto na kwenda Hija. Kisha, katika miaka iliyofuata mwaka 1993, ugonjwa wa mnyauko uliingia katika mibuni ya robusta ya Uganda ukaua sehemu kubwa sana. Mkulima aliamka asubuhi akaona mbuni aliorithi kwa babake umekauka ukiwa umesimama. Hapo wengi walitafuta mmea mwingine wa kuwapa fedha, na baadhi yao walishika mirungi. Nayaeleza haya ili vijana wasidhani ya kuwa baba zao walianza kwa uovu. Walianza kwa dhiki. Lakini jambo lililoanza kwa dhiki huweza kumalizika kwa maangamizo, kama mtu hakulitazama likingali dogo.

Sasa tuitazame mirungi yenyewe. Ndani ya jani bichi mna kitu ambacho wataalamu hukiita kathinoni. Kitu hicho huamsha mwili, huufanya moyo upige mbio, hupandisha shinikizo la damu, hufukuza usingizi na kuondoa hamu ya chakula. Kathinoni huharibika upesi jani linapokauka, na baada ya siku mbili hivi nguvu yake nyingi imekwisha. Ndiyo sababu mnaona majani yanafungwa katika majani ya migomba na kukimbizwa juu ya pikipiki siku ile ile yaliyochumwa. Mlaji huanza kwa furaha na maneno mengi. Saa chache baadaye furaha hugeuka kuwa uzito wa moyo, hasira na kukosa usingizi. Hapo hutafuta kitu cha kumlaza, na kitu hicho mara nyingi ni waragi au bangi. Kwa hiyo asemaye, "Mwanangu anatafuna majani tu," hajui ya kuwa jani hilo ni mlango, na nyuma yake ipo milango mingine.

Bangi, ambayo hapa twaiita njaga, hali yake ni mbaya zaidi kwa mtoto. Ubongo wa mwanadamu haumaliziki kukua mpaka karibu na umri wa miaka 25. Kijana anayevuta bangi akiwa na miaka 13 au 14 anatia moshi katika nyumba ambayo bado inajengwa. Husahau masomo, huwa mzito wa kufikiri, huacha kujali. Na katika wale wenye udhaifu wa akili tangu kuzaliwa, ambao hakuna awezaye kuwatambua mapema, bangi huweza kuwaingiza katika wazimu wa kusikia sauti zisizokuwapo. Waganga wa Butabika, hospitali kuu ya wagonjwa wa akili ya nchi hii iliyofunguliwa mwaka 1955, huwapokea vijana wa namna hiyo, na wengi wao hutoka mashambani.

Waragi haina haja ya maelezo marefu. Hukumu yake inajulikana na kila aliyesoma japo juzuu moja. Serikali ilipiga marufuku vile vipakiti vidogo vya plastiki mwaka 2019, kwa sababu mtoto aliweza kununua kwa fedha ya peremende na kukificha mfukoni mwa sare ya skuli. Walakini ile inayopikwa porini ingalipo. Na tukumbuke yaliyotokea Kabale mwaka 2010, makumi ya watu walipokufa kwa kunywa waragi iliyotiwa methanoli. Mpishi wa porini hana mizani wala cheti, na mnywaji hajui alichopewa mpaka macho yamekwisha kupofuka.

Ndugu zangu, sasa niseme juu ya hukumu ya Sheria, na nitasema kwa uangalifu, kwa kuwa mtu hapaswi kuharimisha wala kuhalalisha kwa hasira.

Ama ulevi, Kurani imeukataza waziwazi katika Surat Al-Maida, aya ya 90. Mtume, rehema na amani zimfikie, hakumlaani mnywaji peke yake, bali pamoja naye aliwataja mkamuaji, mchukuzi, muuzaji na mwenye kula thamani yake. Ama bangi, wanazuoni waliijadili kwa jina la hashishi tangu karne nyingi. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliiharimisha kwa nguvu, na Az-Zarkashi wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki mwaka 1392, aliiandikia risala mahususi ya kuiharimisha. Hapo hapana shaka.

Ama mirungi, masheikh wamehitilafiana, na sitawaficha hitilafu hiyo. Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi aliyeishi Makka katika karne ya 16, aliulizwa juu yake na watu wa Yemen. Alikusanya habari za walaji akaona zinapingana: hawa wasema yadhuru, hawa wasema haidhuri. Akaandika risala ya kuwatahadharisha watu, akawashauri waiache, lakini hakukata moja kwa moja kuwa ni haramu. Wapenzi wa mirungi huishika sehemu ile ya mwisho, wakaiacha nasaha yenyewe. Tena huongeza ya kuwa hata kahawa iliwahi kupigwa marufuku Makka mwaka 1511, na leo masheikh wote wanakunywa. Neno hilo ni kweli. Lakini maana yake ni kwamba yatupasa tutazame athari ya kitu, tusitazame jina lake. Basi na tutazame.

Imamu Ghazali ametufundisha ya kuwa Sheria imekuja kulinda mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Chukueni mambo hayo matano muyatumie kama mizani ya kupimia mirungi, na muipime katika hali ya mtoto, msiipime katika hali ya mzee wa Yemen aliyeulizwa na Ibn Hajar.

Katika dini: kijana hukesha akitafuna, akalala karibu na alfajiri, na sala mbili zikampita. Wengine hutafuna usiku kucha katika Ramadhani mpaka wakati wa daku, kisha wakalala mchana kutwa, wakadhani wamefunga vizuri. Katika nafsi: hawali, hawalali, na mtoto asiyekula wala kulala hakui. Katika akili: mnajua wenyewe hasira za siku ya pili. Katika kizazi: kijana asiye na kazi wala subira ataoa kwa nini, na atamlisha mke kwa nini? Katika mali: fungu la leo limekwisha leo, na kesho lataka kununuliwa jingine. Mizani imelala upande mmoja katika yote matano. Kwa hiyo mimi nasema bila ya kusitasita: hata yule anayeona kuwa mirungi si haramu kwa mzee, hana hoja yoyote ya kuihalalisha kwa mtoto.

Nakuja sasa kwa wenye mashamba. Husema, "Sheikh, mimi sitafuni. Mimi napanda na kuuza, na mtoto wangu simruhusu." Neno hili nimelisikia mara nyingi, na anayelisema si mwongo. Lakini tuangalie namna mambo yanavyokwenda shambani. Ncha za mirungi huchumwa kwa mkono, na vidole vya watoto ni vyepesi. Likizo ya skuli inapofika, watoto huitwa kuchuma. Hulipwa shilingi, na wengine hupewa na kishada cha kutafuna ili wasichoke. Mtoto wa miaka 11 ameshika fedha yake mwenyewe kwa mara ya kwanza, amejiona mtu mzima, na mdomoni mna jani. Skuli ikifunguliwa, anakaa darasani akihesabu alichokikosa shambani. Wako waliorudi muhula mmoja tu, kisha wasionekane tena. Wengine wamekwenda kuendesha boda-boda usiku, wakitafuna ili wasisinzie, na mabonde ya barabara zetu mnajua yamechukua wangapi. Haya basi, mzee wangu: ulipanda ili ulipe ada, na yule uliyekuwa ukimlipia ada hayuko tena skuli. Mavuno hayo ni ya nani?

Tena iko sheria ya nchi. Serikali ilitunga sheria ya dawa za kulevya iliyotaja na mirungi. Wakulima wa Wakiso walikwenda mahakamani, na mwaka 2023 Mahakama ya Katiba iliibatilisha kwa sababu Bunge lilikuwa halikutimiza idadi ya wajumbe ilipoipitisha. Watu wengine walishangilia, wakadhani mahakama imesema mirungi ni njema. Mahakama haikusema hivyo. Ilihukumu juu ya utaratibu wa Bunge, na mwaka huo huo wa 2023 Bunge lilipitisha sheria nyingine, na mirungi ikatajwa tena. Mtu mwenye watoto hafai kujenga maisha yake juu ya mmea ambao jana ulikuwa halali, leo marufuku, na kesho hajui. Hata nchi za ng'ambo zimefunga milango yao: Uholanzi mwaka 2013, na Uingereza mwaka 2014.

Najua swali lililo mioyoni mwenu: "Basi tule nini?" Ni swali la haki, na mwenye kukataza bila ya kuonyesha njia huwa amewaongezea watu mzigo. Watafiti wa kahawa wa Kituza, wilayani Mukono, wametoa aina za robusta zinazostahimili ule mnyauko uliotuua. Mbuni hautoi matunda kabla ya miaka miwili au mitatu, nami sitawadanganya kuwa kungoja huko ni kwepesi. Lakini mtu anaweza kung'oa mstari baada ya mstari, akapanda mbuni na mgomba pamoja, na maharagwe katikati, akala huku akingoja. Bei ya kahawa ilipopanda sana katika mwaka 2024, waliofanya hivyo mapema walishukuru. Nakiomba Chama hiki, katika mwaka wake mpya, kisitosheke na hotuba. Kianzishe kitalu cha miche, na kimkopeshe miche yule atakayeng'oa mirungi yake. Hilo litakuwa na faida kuliko hotuba kumi za mtu kama mimi.

Sasa nawaeleza wazazi wote, wenye mashamba na wasio na mashamba, mambo matano ya kufanya.

La kwanza, mjue mtoto wako aliko baina ya Magharibi na Isha. Zamani mtoto wa shamba wakati huo alikuwa chuoni au jikoni kwa mamake. Leo yuko katika kibanda cha sinema kando ya njia, na mwenye kibanda anauza zaidi ya sinema. Rudisheni darasa la baina ya Magharibi na Isha. Mwalimu alipwe, japo kwa ndizi na maharagwe, na taa ya msikiti iwashwe.

La pili, mtoto asilipwe kwa kitu chochote cha kutafuna wala kuvuta, wala asipelekwe kununua. Baba anayemwambia mtoto, "Kaniletee sigara dukani," amemfundisha njia na bei. Samaki mkunje angali mbichi. Na mkunjaji wa kwanza ni mwenendo wa baba mwenyewe. Huwezi kutafuna barazani alasiri, kisha usiku ukahutubia.

La tatu, sema naye. Wazazi wa shamba tumezoea kuamrisha na kunyamaza. Luqman, ambaye Kurani imetaja nasaha zake, alimwita mwanawe kwa jina la mapenzi kabla ya kumkataza jambo lolote. Mtoto aelezwe jani hili hufanya nini katika moyo, na moshi hufanya nini katika ubongo, kwa maneno ya kweli bila ya kutia chumvi. Ukimwambia kuwa atavuta mara moja afe papo hapo, naye akamwona mwenziwe amevuta na hakufa, hatakuamini tena hata unapomwambia la kweli.

La nne, tazameni dalili. Mtoto aliyekuwa akila vizuri akaacha, asiyelala usiku na asiyeamka mchana, mwenye macho mekundu, anayebadili marafiki, anayepoteza kuku, sufuria na daftari nyumbani. Msingoje mpaka mwalimu awaite. Na mama ndiye huona kwanza. Akisema, mume wake asimwambie ni maneno ya wanawake.

La tano, na hili naliomba kwa moyo wote: msimfukuze. Ipo desturi katika vijiji vyetu ya kwamba kijana akijulikana anavuta njaga, babake humtoa nyumbani ili asiharibu wadogo zake. Kijana huyo hupanda gari kwenda Kampala. Huko huwakuta wenziwe wanaonusa mafuta ya ndege katika matambara, wakilala chini ya veranda za maduka. Alitoka akiwa mgonjwa wa kitu kimoja, sasa ana vitatu. Mtengeni na shilingi, mtengeni na marafiki wake, mpeni kazi ya mchana ichokeshayo mwili, mpelekeni kwa waganga wa hospitali, na mumsomee dua. Hivi vyote vyafanyika pamoja. Ruqya haimkatazi daktari, wala daktari haikatazi ruqya. Na wale wanaowafunga vijana kwa minyororo na kuwapiga kwa madai ya kutoa mashetani, nawaambia ya kuwa hiyo si dawa, na Mungu atawauliza juu ya alama zilizo katika miguu ya watoto hao.

Kabla sijamaliza, nina neno kwa vijana waliokaa kule nyuma. Ninyi hamkuchagua kuzaliwa karibu na mashamba haya. Lakini kalamu ya malaika huanza kuandika mtu anapobaleghe, na wengi wenu mmekwisha kufika. Wale wanaokupeni kishada cha bure leo si wakarimu. Mkarimu hukupa chakula, na huyu anakupa kitu cha kukuondolea hamu ya chakula. Kama mwenzako amekwisha kuanza, usimcheke wala usimfiche. Mwambie mtu mzima unayemwamini. Huko si kumsaliti, ni kumwokoa.

Na neno la mwisho ni kwa wazee wenzangu. Aya ya 6 ya Surat At-Tahrim yatuamrisha tuzilinde nafsi zetu na watu wetu na Moto. Haikusema tuwalinde watu wetu baada ya mavuno haya, wala baada ya deni la duka kulipwa. Kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Wazee waliopewa Butambala baada ya vita walituachia misikiti na vyuo. Tukiwaachia watoto wetu majengo ya misikiti, na wao wakakosa akili ya kusali ndani yake, tutakuwa tumewaachia mawe.

Ninajua ya kuwa ninalolitaka ni zito kwa mwenye deni. Simtaki mtu ang'oe shamba lake lote kesho asubuhi akae na njaa. Namtaka atoke hapa akiwa ameazimia jambo moja: ya kuwa tangu leo hakuna mtoto, wake au wa jirani, atakayechuma, kuchukua, kuuza au kutafuna mirungi katika shamba lake. Hilo halihitaji mkopo wala miche, na linaweza kuanza leo kabla ya jua kuchwa. Mengine yatafuata kwa msaada wa Chama, na kwa tawfiki ya Mwenyezi Mungu.

Ewe Mola wetu, zilinde akili za watoto wetu kama ulivyotulinda sisi. Warejeshe waliopotea, waponye walio wagonjwa, na wafungulie wazazi wao mlango wa riziki ya halali usiokuwa na majuto. Utujaalie tuwe vigezo vyema kwa wale wanaotutazama. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na aali zake, na sahaba zake wote. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.